Ndimu za Nyuma ya Jikoni

Bunia, Bigo, Jumapili tarehe 8 Februari 2009

Baba mdogo Ephraïm,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wanaokuzunguka huko Hoima, ng'ambo ya ziwa. Sisi huku tu wazima, ila shemeji yako goti linamsumbua. Hataki kusikia habari ya hospitali. Anasema goti limemtumikia miaka hamsini na minane bila kulalamika, sasa ni zamu yake kulalamika. Ndivyo Mama alivyo tangu kaka yako alipotutoka: kila kitu anakigeuza mzaha, hata maumivu.

Kifurushi chako kilifika kwa mkono wa Scholastique, yule muuza samaki wa Kasenyi. Tahariri kumi na moja ulizonikatia katika magazeti ya Kiingereza zote zinanuka sambaza, wale dagaa wake, lakini zinasomeka. Nafanya kama ulivyonifundisha. Nasoma kwanza bila kamusi, napiga mstari chini ya maneno nisiyoyajua, kisha nayaandika katika daftari: neno, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi ya gazeti lenyewe. Leo nina maneno mia mbili na arobaini. Ninalolipenda zaidi ni *deplore*, yaani kusikitika kwa sauti ya serikali. Jana kuku wa jirani waliingia katika unga wetu, nikawasikitikia kwa Kiingereza hadi Mama akaniuliza kama nimelogwa.

Sasa neno lenyewe. Kuna shirika limefungua biro, yaani ofisi, hapa mjini. Linapokea watu wanaodai mashamba na viwanja vyao vilivyochukuliwa wakati wa vita. Wakubwa wake hawajui Kiswahili wala Kifaransa, wanatafuta mkalimani wa Kiingereza. Mtihani ni mwisho wa Machi. Baba mdogo, nimechoka kuuza vocha za simu pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, nikiwa na diploma yangu kabatini. Kazi hii naitaka hadi usingizi umeniruka.

Na wewe pia ulete dosiye, yaani faili la madai, ya kiwanja chako. Mwisho wa kuandikisha ni Oktoba. Marcellin na mama yake, Mama Charlotte, wale waliokimbia kutoka Djugu, bado wanakaa katika nyumba yako. Ni watu wa adabu, wanafagia hata mbele ya mlango wetu. Ila choo kimejaa. Marcellin anaomba ruhusa achimbe kingine nyuma ya jikoni, pale penye mti wa ndimu. Mama amemwambia angoje neno la mwenyewe.

Nakutumia ndimu kumi za mti huo. Mwaka huu umezaa kama wazimu.

Binti yako,
Kavira


Hoima, tarehe 3 Machi 2009

Binti yangu Kavira,

Salamu kwako na kwa shemeji Godelive. Mwambie goti halichekeshwi, likandwe kwa maji ya moto na chumvi. Mimi ni mzima. Mvua zimeanza. Shule ninayoilinda imepata mwalimu mkuu mpya, mtu wa kusoma magazeti hadi tangazo la mwisho, kwa hiyo nayapata siku mbili baadaye na yakiwa na chai juu yake. Si neno. Wembe wangu unajua pa kupita.

Nimekuwekea tahariri saba. Sikiliza, maana nilikuwa mwalimu kabla ya kuwa mlinzi na ualimu haustaafu: usibebe maneno arobaini kwa siku kama mtu anayeibia shamba. Chukua matano. Na neno usilitumie mpaka umekutana nalo katika tahariri tatu tofauti. La kwanza linakutambulisha, la pili linakusalimu, la tatu ndipo linakukaribisha ndani. Soma kwa sauti, umesimama. Mtu anayeandika tahariri hana hasira wala machozi, ameketi juu ya jambo na anaangalia chini. Jifunze kuketi pale. Ukiketi pale hakuna swali la mtihani litakalokutikisa.

Ndimu zilifika salama. Walimu walizifurahia.

Mwambie Marcellin asichimbe nyuma ya jikoni. Achimbe upande wa barabara. Usiniulize sababu, mwambie tu mwenye nyumba amesema.

Neno la wiki ni *resilient*, yaani mtu anayepigwa na kusimama tena. Utalikuta katika tahariri ya tatu, aya ya mwisho.

Wako,
Kambale Ephraïm, mwalimu


Bunia, Jumapili tarehe 19 Aprili 2009

Baba mdogo mpenzi,

Salamu nyingi. Mama amekanda goti kwa chumvi na sasa anasema linauma na lina kiu. Nakuandikia nimesimama, siwezi kukaa: nimepata kazi!

Mkubwa wa biro ni Mhindi, Bwana Tripathi, mwembamba, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi. Alinipa karatasi nitafsiri, nikaitafsiri. Aliposikia sentensi yangu ya tatu akavua miwani akacheka. Akaniuliza ni gazeti gani. Nikadhani amenishika na kosa. Kumbe na yeye ni mtoto wa tahariri. Kwao wanaongea Kihindi, na baba yake, karani wa reli, kila asubuhi kabla ya shule alimsimamisha asome tahariri ya gazeti la Kiingereza na kuandika maneno mapya katika daftari: neno, maana kwa Kihindi, sentensi. Bado analo, jalada la bluu, liko katika droo ya meza yake. Safu tatu, kama langu. Baba mdogo, nilitaka kulia. Mtu anatoka upande wa pili wa dunia na safu ni zilezile.

Nina mkataba wa majaribio hadi Oktoba. Wiki iliyopita nilimtafsiria Mama Charlotte mwenyewe, anayekaa kwako. Anadai shamba lake la Djugu. Akishapata karatasi, yeye na Marcellin watarudi kwao na nyumba yako itakuwa huru. Alisema hivi, nakumbuka kila neno: "Nilitoka na sufuria moja na kitenge. Shamba yangu inaanza ku mikaratusi tatu, inaishia ku kaburi ya mutoto wangu Aimé. Pale sitasahau, hata mutanifunga macho."

Na mimi niliandika, nakuwekea kwa Kiswahili ili Mama anayenisikiliza naye ajivune: "Mlalamikaji aling'olewa katika makazi yake kufuatia kuzorota kwa hali ya usalama, na anadai kurejeshewa ardhi ya kilimo ya mababu zake katika eneo husika." Kwa Kiingereza ni tamu zaidi. Bwana Tripathi aliisoma mara mbili akasema haina hata doa.

Habari ya choo: upande wa barabara ni mwamba mtupu, sululu inarudi. Marcellin amekubali kungoja, maana wanatumaini kuondoka. Lakini aliniuliza, "Juu ya nini muzee anakatala?" Swali lake nakuletea wewe.

Mei inakuja. Mama atakwenda kama kila mwaka kwenye kaburi la pamoja la waliokufa vitani, kumwekea mwanao Musoki maua. Utaomba nini kiandikwe kwenye utepe?

Kavira, mkalimani


Hoima, tarehe 28 Mei 2009

Binti yangu,

Barua yako ilikaa wiki tano. Ziwa lilichafuka, kisha Scholastique akaogopa barabara ya kushuka Kasenyi, na ana haki ya kuogopa. Nilikuwa nikienda stendi kila jioni kuuliza, hadi makondakta wakaanza kuniita Posta.

Nimefurahi hadi nimeshindwa kula. Sentensi yako niliirudisha katika Kiingereza mwenyewe, nikaisoma kwa sauti mbele ya geti la shule, nimesimama. Zamani pale Bunia ningekupa kumi na tisa juu ya ishirini. Alama moja ningeizuia ili usivimbe kichwa. Mwambie huyo Bwana Tripathi kwamba baba yake alikuwa mtu wa maana.

Nimekuwekea tahariri tano. Moja ni juu ya mashamba na mipaka. Itakufaa.

Marcellin angoje. Kama hawezi kungoja, basi watumie choo cha kwenu. Nyuma ya jikoni hapana. Nimesema.

Dosiye yangu tutaiangalia. Bado nakusanya karatasi.

Msalimie shemeji. Kuhusu utepe, aandike anavyoona yeye.

Kambale Ephraïm, mwalimu


Bunia, Jumapili tarehe 26 Julai 2009

Baba mdogo,

Salamu. Mama ni mzima. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Dosiye ya Mama Charlotte imerudi. Timu ilikwenda Djugu na karatasi yangu. Kwa desturi yao wanakwenda kwanza bila mwenye madai, wasije wakaamsha ugomvi. Walimsomea chifu. Chifu akawauliza: "Hapa siye wote tuling'olewa. Siye wote iko na ardhi ya mababu. Sasa munatafuta ya nani?" Wakatazama karatasi, hakuna mti, hakuna kijito, hakuna jina. Wakarudi. Juu ya dosiye wameandika kwa kalamu nyekundu: shamba halitambuliki, dosiye imefungwa.

Mimi ndiye niliyemsomea jibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema polepole, "Lakini niliwaambia. Niliwaambia miti, niliwaambia kaburi. Kavira, weye ulikuwa pale." Nikamjibu kwamba shirika limeamua. Nilijibu kama gazeti, Baba mdogo. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Usiku huohuo nilipekua daftari langu. Nina maneno mia sita na kumi. Nina maneno manane ya vita na kumi na mawili ya amani. Mikaratusi haimo. Sufuria haimo. Kaburi halimo.

Sijamwambia Bwana Tripathi. Anadhani kosa ni la timu. Nikisema ni langu, mkataba wa majaribio unakufa, narudi kwenye vocha. Nisiposema, mama wa watu hana shamba. Naamka, nakaa, naamka. Mama ananiuliza kama nina mchwa kitandani.

Na kuna la pili. Kwa kuwa hawaendi tena, Marcellin amenunua saruji. Choo chetu hakiwezi kubeba nyumba mbili, mwenyewe anasema, na ni kweli. Kesho Jumatatu anaanza kuchimba nyuma ya jikoni. Nimemwambia umekataa. Amesema umekataa tangu Machi bila sababu, na watoto wake wanakwenda vichakani. Mimi nitamjibu nini? Nimekuuliza mara mbili umenijibu kwa amri. Nyuma ya jikoni kuna nini?

Barua hii haitafika kabla ya kesho, najua. Naiandika hata hivyo.

Kavira


Bunia, Jumapili tarehe 9 Agosti 2009

Baba mdogo,

Sikungoja jibu lako. Naandika tena, Scholastique abebe zote mbili.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwako kabla ya kazi. Marcellin alikuwa amekwisha kupiga vijiti vinne na kuzungusha kamba, ameshika sululu. Nikaingia katikati ya kamba nikasimama. Nilikuwa na maneno mia sita na sikuwa na hata moja la kumpa. Akaniambia, "Dada, toka, nitakuumiza miguu." Sikutoka.

Mama Charlotte akaja na beseni lake la vyombo. Akauliza, "Muzee alisema nini kabisa?"

Nikamwambia: "Alisema musichimbe. Hakusema juu ya nini."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Akaweka beseni chini. Akautazama mti wa ndimu, akatazama ardhi, kisha akazunguka ile kamba kwa miguu, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano. Mwisho akamwambia mwanawe: "Marcellin, ngoa vijiti. Mutu akikatala udongo na haseme juu ya nini, iko mutu wake mule ndani. Mimi najua ile."

Marcellin akang'oa vijiti. Mama Charlotte akaanza kuosha vyombo, hakunitazama tena. Baba mdogo, ni yeye aliyesema hivyo, yeye ambaye nilimfutia kaburi la mwanawe kwa kalamu yangu. Nilitoka pale hata kwaheri sikusema. Nilikwenda moja kwa moja hadi mlango wa Bwana Tripathi nikamwambia kosa si la timu, ni langu, na nikamsomea kutoka kichwani yale aliyoyasema yule mama tangu mwanzo.

Akafungua droo akatoa lile daftari la bluu, akaanza kulifunua, ukurasa kwa ukurasa. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, mti. Alifika mwisho. Hakuupata. Akasema baba yake alitaka mwana anayeongea kama waziri, na Mungu alimsikia.

Kesho yake tulikwenda Djugu, Mama Charlotte akiwa kiti cha mbele cha gari. Mikaratusi miwili imesimama, wa tatu umebaki kisiki kinachochipua. Kaburi la Aimé liko, limezungukwa na maharage ya watu wengine, lakini juu yake hawakulima. Chifu alipomwona akamwita kwa jina la baba yake. Shamba litarudi kwake maharage yakivunwa, katikati ya Septemba. Wataondoka, na choo hakitachimbwa.

Mimi nimetolewa kwenye ukalimani. Nanakili dosiye hadi mtihani mwingine wa Oktoba, kisha wataamua. Ni haki. Bwana Tripathi ameniambia nikae kila siku nusu saa na Mama Charlotte, anionyeshe vitu vya jikoni na shambani, nami nivitafutie majina yake kwa Kiingereza. Juzi nilijifunza mwiko. Na yeye Bwana Tripathi anaandika pia, kwenye kurasa tupu za nyuma ya daftari la baba yake.

Sasa nakuuliza kama binti yako, si kama mwanafunzi wako. Mwaka 2003 sisi tulikuwa tumekimbilia Butembo. Ulituambia Musoki yuko kwenye kaburi la pamoja. Mama ameweka maua pale miaka sita.

Baba mdogo, ni Musoki? Usinijibu kwa tahariri.

Kavira


Hoima, tarehe 30 Agosti 2009

Kavira,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Nilifungua ya pili kwanza, Mungu alinihurumia.

Ndiyo.

Uliniambia nilete dosiye. Hii hapa. Ukiruhusiwa, itafsiri wewe. Usiongeze neno na usipunguze.

Kiwanja changu kiko Bigo. Kinaanzia kwenye jiwe jeupe la barabarani, kinaishia kwenye mti wa ndimu nyuma ya jikoni. Chini ya mti huo yuko binti yangu Musoki. Alikuwa na miaka kumi na moja. Mama yake alikwisha kututangulia, tulikuwa wawili tu. Ilikuwa mwezi wa tano mwaka 2003. Asubuhi hiyo alikuwa amefua, ameanika, na alikuwa anaosha sahani pale nje. Risasi ilitoka upande wa barabara. Sijui ya nani. Nilisikia sahani tu.

Makaburini hapakufikika. Nilichimba mwenyewe, kwa jembe la bustani. Nilimfunga katika pazia la sebuleni, lile la maua, kwa sababu mashuka yote yalikuwa kwenye kamba na sikuthubutu kutoka kwenda kuyaanua. Sikusali. Nilijua sala zote na sikusali. Juu yake nikapanda mche wa ndimu uliokuwa katika kopo la mafuta, ambao yeye alitaka tuupande getini. Siku ya pili nikakimbia kwenda Kasenyi, nikapanda mtumbwi, nikamwacha peke yake na wapiganaji mjini. Kuhusu kaburi la pamoja nilidanganya. Niliona heri mfikiri yuko na wenzake.

Hiyo ndiyo dosiye. Sasa hii ni yako.

Nilipofika Hoima, gazeti la kwanza nililoliokota lilikuwa na tahariri juu ya Bunia. Iliandika kwamba watu wengi walipoteza maisha, jambo la kusikitisha. Nikaisoma mara ishirini. Ilikuwa ni Musoki, na haikuunguza. Yale maneno yalikuwa kama kitambaa cha kushikia sufuria ya moto. Nikakata nyingine, na nyingine. Ndivyo nilivyoishi. Kisha nikakupa wewe kitambaa bila kukuambia kuna sufuria, na ukakitumia kama nilivyokufundisha. Kosa la dosiye ya Mama Charlotte ni langu kabla ya kuwa lako. Umwambie hivyo. Umwambie pia asante, na kwamba Aimé wake nimelisikia jina lake.

Shemeji mwambie wewe, polepole, akiwa ameketi. Kisha asikie kutoka kwangu, maana kabla Mama Charlotte hajaondoka nitavuka, nije niweke sahihi yangu na nisali ile sala. Nataka kumkuta. Ninaogopa ziwa, naogopa barabara, naogopa nyumba kuliko vyote. Nitavuka.

Leo hakuna tahariri katika bahasha. Nimekukatia ukurasa wa matangazo ya vifo. Utakuta humo vitanda, mabatizo, mashamba, majina ya wajukuu. Ni Kiingereza kizuri sana, sikukiona miaka yote hii kwa kuwa wembe wangu ulikuwa unakiruka.

Ndimu zile za Februari niliwapa walimu zote kumi. Sikuweza hata kuzishika. Zikiiva nyingine kabla sijafika, mpe Scholastique chache aniletee. Safari hii nitazila.

Ni mimi,
Baba Musoki